Tone la Damu chini ya Hadubini
Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Tuliagizwa tuzungumze juu ya homa ya malaria, na tulipoagizwa tuliona haya, kwa kuwa sisi si mganga wala tabibu. Sisi ni karani, na kazi yetu ni karatasi. Lakini jambo lililotufanya tukubali lahusu karatasi, nasi tutaanza nalo.

Miaka michache iliyopita, wakati wa mvua za mwaka, mwanachama mmoja wa upande wa Diani alitujia jioni pamoja na mkewe na mtoto wao wa miaka mitatu. Mtoto alikuwa na homa tangu jana yake. Walikuwa wametoka kumpima damu, na baba akatupa karatasi tumsomee, maana iliandikwa kwa Kiingereza. Tukaisoma, tukamwambia, "Hana malaria." Wakarudi nyumbani nyoyo zimetulia. Usiku wa pili mtoto alishikwa na degedege, macho yakapinduka, akawa haitiki tena akiitwa. Nyanya yake akasema ni nyuni, ndege wa watoto, na apelekwe kwanza kwa mwenye kujua mambo hayo. Mjomba akasema hospitali. Palikuwa na maneno mengi, na mvua, na gari halikupatikana illa alfajiri. Alhamdulillahi, mtoto alifika hospitali akiwa hai, akapona. Lakini ugonjwa ule ulimwachia upungufu wa kusikia, na hata leo darasani huketishwa mbele kabisa, karibu na mwalimu.

Baadaye tuliitazama tena karatasi ile. Haikusema kwamba mtoto hana malaria. Ilisema kwamba vimelea vya malaria havikuonekana. Aliyepima aliandika sawasawa. Tuliosoma vibaya ni sisi. Baina ya "havikuonekana" na "havimo" mna umbali mkubwa, na umbali huo ndio tutakaowaeleza leo, kwa kadiri tulivyojifunza.

Ili tusiseme tusilolijua, tulimwomba bwana mmoja wa maabara atuonyeshe kazi yake, naye akatukaribisha Jumamosi moja. Alichoma kidole chetu wenyewe, akaweka damu juu ya kigae cha kioo mahali pawili. Pa kwanza aliacha tone nene, lililoenea upana wa punje ya mahindi. Pa pili alilisambaza tone kwa ncha ya kioo kingine hata likawa jembamba kama utando. Akatueleza ya kwamba tone nene ni la kutafutia, maana damu nyingi hutazamwa pahali padogo. Na tone jembamba ni la kutambulia aina, maana humo kila chembe hulala peke yake, haijapandana na mwenzake. Baada ya kukauka aliyatia rangi iitwayo Giemsa, kwa jina la Mjerumani Gustav Giemsa, ambaye mwaka 1904 alitengeneza vema rangi ambayo wengine walikuwa wameianza kabla yake. Damu yetu haikuwa na kitu. Akatoa kigae kingine, cha mgonjwa ambaye hakututajia jina, akatia tone la mafuta juu yake, akatuambia tuiname.

Wazee wetu, tuliinama tukaona jambo ambalo hatukulitazamia. Hadubini ile hukuza kitu mara 1,000. Chembe nyekundu ya damu, ambayo upana wake ni kama sehemu saba au nane za elfu za milimita moja, ilionekana kama andazi dogo lililobonyezwa katikati kwa kidole. Chembe hizo ni nyingi mno. Tone la ukubwa wa kichwa cha pini lina chembe mamilioni kadhaa. Nyingi tulizoziona zilikuwa safi. Lakini moja ilikuwa na pete ndani yake, pete nyembamba ya rangi ya buluu, yenye kito kimoja chekundu. Ilipendeza, hatuna budi kusema kweli. Tukauliza, "Hicho ndicho kiuacho watoto?" Akajibu, "Huyo ni mtoto wake. Wakubwa hutawaona hapa."

Jibu hilo lilitushangaza, na kwa sababu yake tulirudi mara mbili zaidi.

Mtu wa kwanza kukiona kimelea hiki ndani ya damu ya mtu alikuwa tabibu wa jeshi la Ufaransa, Charles Laveran, huko Constantine katika Algeria, tarehe 6 Novemba 1880. Hakuwa na rangi ya kutia. Alitazama damu mbichi, akaona vitu vyenye umbo la mwezi mwandamo, tena akaona vinyuzi vikichezacheza, ndipo akajua kwamba ni kitu chenye uhai. Wengi hawakumsadiki kwa miaka kadhaa, maana ilishikwa kwamba homa hii hutokana na hewa mbaya ya vinamasi. Kisha Camillo Golgi wa Italia, mwaka 1885 na 1886, akaweka saa ya homa pamoja na picha za damu, akaona ya kuwa baridi na mtetemeko humshika mgonjwa wakati ule chembe zinapopasuka. Habari za Ronald Ross na mbu, mwaka 1897 katika India, zajulikana, nasi hatutazirudia. Twaongeza tu kwamba bwana Garnham, aliyetumikia Idara ya Afya ya Kenya kwa miaka mingi, ndiye aliyeonyesha mwaka 1948, pamoja na mwenzake Shortt, kwamba kimelea akisha kuingizwa na mbu hajiendei moja kwa moja kwenye damu. Hujificha kwanza katika ini. Malaria ya pwani yetu hukaa humo kama juma moja, na mwenye nalo hana homa, hana habari.

Sasa twaja kwenye saa 48, na hapa twaomba subira yenu, kwa kuwa mambo yote mengine yatokana nazo.

Kimelea atokapo katika ini ni mdogo mno. Wataalamu humwita merozoiti. Muda wake wa kutafuta nyumba ni dakika chache tu, na asipoipata hufa. Siku hizi kuna picha zinazokwenda, zilizopigwa kwa hadubini, zikionyesha jinsi aingiavyo. Huigusa chembe, na chembe huyumba na kujikunja kama mtu aliyeguswa na kitu cha baridi. Hujigeuza hata ncha yake iliyo kali ielekee kwenye ngozi ya chembe, kisha hujisukuma ndani. Yote hayo hayachukui dakika moja kwa kawaida. Chembe husinyaa ikatoka miiba miiba kama shokishoki, na baada ya dakika kadhaa hutulia, umbo likarudi. Ukiitazama kwa nje hutajua kwamba imepata mgeni. Wakulima wa minazi watafahamu upesi: mnazi uliotobolewa na yule dudu mwenye pembe husimama vilevile, na makuti ni mabichi, hali moyo unaliwa.

Katika siku ile ya kwanza kimelea huwa na umbo la pete tulilokwisha kulitaja. Kisha hunenepa. Chakula chake ni ile himoglobini iliyomo ndani ya chembe, yaani kile kitu chekundu kinachobeba hewa safi mwilini. Huila sehemu kubwa. Na kwa kuwa ndani ya himoglobini mna madini ya chuma ambayo yangemdhuru, huyafunga pamoja yakawa vijiwe vidogo vya rangi ya kahawia iliyokoza. Katika kimelea aliye hai vijiwe hivyo huonekana vikirukaruka ndani ya mfuko wake, kama mchele katika sufuria inayochemka. Klorokwini, dawa tuliyoimeza sote tulipokuwa wadogo na ambayo uchungu wake hatujausahau, ilikuwa ikizuia kazi hiyo ya kufunga vijiwe, hata kimelea akauawa na taka zake mwenyewe. Baadaye vimelea vilijifunza kuitoa dawa nje ya mfuko, na mwaka 1998 Kenya iliacha kuitegemea.

Siku ya pili inapokwisha, kimelea hujigawanya. Badala ya mmoja huwa 16, au 20, au hata 32, wamejipanga ndani ya chembe moja kama mbegu za komamanga ndani ya ganda. Kisha ganda hupasuka. Picha za karibuni zaonyesha kwamba halipasuki ovyo. Tundu hufunguka, kisha kingo zake hujikunja kwa nje upesi sana na kuwarusha wale wadogo huku na huku, kila mmoja akatafute chembe yake. Pamoja nao hutoka taka zote za siku mbili. Taka hizo ndizo zinazoamsha homa. Kwa hiyo, mtu atetemekapo chini ya mablanketi mawili, huo ni wakati ambapo chembe zake zinapasuka kwa maelfu kwa maelfu; na atokapo jasho, akasema, "Nimepata nafuu," ni kwamba wale wadogo wamekwisha kupata nyumba mpya, na hesabu yao imezidi.

Sasa lile jibu la bwana wa maabara. Kimelea wa aina ya falsiparamu, ambaye ndiye aliyezidi hapa pwani na ndiye auaye, ana hila ambayo jamaa zake wengine hawanayo kwa kadiri hiyo. Akisha kutimiza kama siku moja ndani ya chembe, hutoa vitu vyake akavipachika kwenye ngozi ya chembe kwa nje. Hadubini ya elektroni, ambayo hukuza kupita zile za kawaida, imevionyesha: ni vinundu vingi vidogo vilivyoenea juu ya chembe. Kwa vinundu hivyo chembe hunata kwenye kuta za mishipa iliyo myembamba kabisa, ndani ya ubongo, na moyo, na matumbo, na kondo la nyuma la mama mjamzito. Kwa nini hujinatisha? Kwa sababu wengu, ambayo wengine huiita bandama, huchuja damu na kuziondoa chembe zilizoharibika. Kimelea aliyenata mahali hapiti kwenye chujio.

Basi damu itokayo kidoleni ina vijana tu, zile pete. Wakubwa wamekwama ndani. Na ikiwa mgonjwa amepimwa saa ambayo takriban vimelea vyote vimefikia ukubwa na kunata, kidole chake chaweza kuwa na vichache sana, navyo visionekane. Bwana yule alituambia ya kuwa hatakiwi kuandika "havikuonekana" kabla hajatazama kwa uchache sehemu 100 za tone nene, na kwamba anayetazama sehemu 20 akaandika amejidanganya yeye na mgonjwa. Hata baada ya 100, huandika kile alichokiona na si zaidi. Ndiyo maana mgonjwa ambaye homa yake haikuondoka hupimwa tena baada ya saa 12 au 24, na tena siku ya tatu. Mtoto yule wa Diani alipimwa mara moja. Laiti tungelijua neno hili tungelimwambia baba yake, "Mrudishe kesho asubuhi."

Kile kipimo cha haraka chenye mistari miwili nacho kina faida yake. Hakitazami kimelea, hutafuta kitu anachokiachilia katika damu, na kwa hiyo chaweza kumgundua hata aliyejificha. Walakini kitu hicho hubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mtu kupona. Mama aliyekwisha maliza dawa asifadhaike mstari ukitokea bado, wala asinunue dawa ya pili dukani kwa ajili ya mstari tu. Hapo hadubini ndiyo yenye neno.

Na degedege? Wazee wetu, hatukuja hapa kuwavunjia heshima waliotulea. Waliosema nyuni waliona kweli kitu kikimjia mtoto ghafula na kumkamata kichwa. Lakini malaria inapokishika kichwa, kitu hicho kimekwisha kupigiwa picha. Watabibu wa Blantyre katika Malawi waliwatazama watoto wa namna hii ndani ya jicho kwa taa, wakaona nyuma ya jicho madoa meupe na matone ya damu, ishara ya mishipa midogo iliyozibwa. Na mwaka 2015 walitangaza picha za ubongo walizozipiga kwa mashine kubwa ya sumaku, zilizoonyesha kwamba wengi wa waliokufa ubongo wao ulikuwa umevimba sana. Dua na isomwe, hakuna azuiaye. Isomwe garini, njiani kwenda Msambweni.

Tunakuja kwenye dawa, nalo ni fupi. Vidonge vya mchanganyiko wa artemeta na lumefantrini, ambavyo Kenya ilivichagua mwaka 2004 na kuanza kuvitoa hospitalini mwaka 2006, humezwa mara sita kwa siku tatu. Wengi wetu humeza siku moja, homa ikaondoka, vilivyobaki vikawekwa juu ya kabati kwa ajili ya mtoto mwingine. Hesabuni nanyi: kimelea huzunguka kwa siku mbili. Dawa ya kwanza huua wengi upesi sana, kisha hutoka mwilini baada ya saa chache. Ile ya pili hukaa, ikiwangojea waliosalia. Aliyemeza siku moja amewaua wengi na kuwaacha wachache waliokuwa wagumu, nao ndio watakaozaa. Katika Rwanda na Uganda, tangu mwaka 2020 na 2021, imetangazwa kwamba wako vimelea ambavyo vikiwa bado katika umbo la pete huivumilia dawa ile ya kwanza. Kutoka Uganda kuja Lunga Lunga si mbali kwa mtu mwenye nauli ya basi.

Lipo jambo moja la damu ambalo husemwa kwa sauti ya chini barazani, nasi tungependa kulisema kwa sauti. Wazee wakumbuka habari za mumiani, na jinsi watu walivyokimbia kila walipoona gari lenye watu wa sindano. Hata leo wako wanachama wanaowakataza watoto wao kuchomwa kidole kwa watafiti, wakiuliza damu hiyo yaenda wapi. Swali hilo ni halali, na mwenye kuulizwa ana wajibu wa kulijibu kabla ya kuchoma. Sisi twaweza kuwaambia damu moja ilikokwenda.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi, akaona ya kwamba alama ya selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa, na ni chache milimani. Mwaka 1954 akatangaza sababu: mwenye kurithi alama hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua selimundu yenyewe, na wako humu ukumbini wazazi wajuao uchungu wake. Damu zetu, basi, zimepigana vita hivi kabla ya kuwako dawa.

Hiyo haikuwa silaha pekee. Katika Kilifi, kwa ndugu zetu, iko aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo ni adimu pengi duniani. Ilijulikana kwamba mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja hukingwa na malaria kali kwa kadiri ya asilimia 40, na kwa wazazi wawili kwa asilimia 70 hivi. Kwa nini? Watoto 42 wazima wa Kilifi walitolewa damu kidogo kwa ruhusa, na Daktari Silvia Kariuki na wenzake wa kituo cha utafiti cha Kilifi, pamoja na Chuo Kikuu cha Cambridge, wakapiga zile picha zinazokwenda. Mwaka 2020 wakatangaza walichokiona. Merozoiti huigusa chembe ya Dantu kama kawaida, hujigeuza kama kawaida, husukuma, na mara nyingi haingii. Ngozi ya chembe ile imekazwa zaidi, kama ngoma iliyowambwa ikakauka vema juani. Jambo hilo lisingejulikana kwa kupima tu. Lilihitaji mtu akae akitazama kimelea mmoja mmoja akigonga mlango na kushindwa. Sasa wataalamu wanafikiri juu ya dawa itakayozikaza chembe za watu wengine kidogo tu. Haijapatikana bado.

Na hapa Kwale, watoto wetu waliochomwa kidole mwezi hata mwezi katika utafiti wa dawa ya ivermektini, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, ndio waliowezesha kuonyeshwa kwamba dawa ile, ikinywewa na wanakijiji kwa pamoja, ilipunguza maambukizo ya malaria kwa asilimia 26. Damu yao ilitazamwa, ikahesabiwa, ikaandikwa. Sisi ni karani, nasi tuna mapenzi na vitu vilivyoandikwa.

Ndiyo sababu Kamati imekubali ombi letu dogo. Yamenunuliwa madaftari, moja kwa kila nyumba ya mwanachama. Ndani yake mmechorwa safu nne: siku na saa homa ilipoanza, siku na saa damu ilipopimwa, na maneno yaliyoandikwa katika karatasi, yanakiliwe yalivyo, yasifasiriwe, dawa iliyotolewa, na alama sita za kukata kila mara vidonge vimezwapo. Asiyejua kusoma Kiingereza aje kwetu jioni yoyote baada ya Magharibi, nasi tutamsomea, safari hii neno kwa neno. Kadhalika Kamati imetenga fedha za gari la usiku kwa mtoto wa mwanachama aliyeshikwa na degedege, bila kungojea kikao. Kiasi chake kimo katika ukurasa wa hesabu. Jina na namba ya mwenye gari vimeandikwa nyuma ya daftari.

Madaftari yako mezani kwa Mweka Hazina. Twaomba kila mmoja achukue lake atokapo na kutia sahihi, au dole gumba.